Friedrich Fröbel na Karatasi ya Mraba

Mwalimu mwanafunzi anayepelekwa katika darasa la awali la wilaya ya Mbulu au ya Hanang kwa mazoezi ya kufundisha hukutana na shida moja tangu asubuhi ya kwanza. Watoto ni wengi, vifaa ni vichache, na sehemu kubwa ya maneno yake haiwafikii wasikilizaji, kwa kuwa nyumbani wao husema Kiiraqw au Kidatooga, na Kiswahili ndiyo kwanza wanaanza kukisikia kwa mfululizo. Hapo ndipo karatasi moja iliyochanwa kutoka daftari lililokwisha kutumika huweza kufanya kazi ambayo maneno hayaiwezi. Mwalimu akikunja, mtoto hukunja. Mwalimu akifungua, mtoto hufungua. Mwisho wa yote mtoto hushika mkononi kikombe, kofia au mashua, na hapana aliyehitaji kumfafanulia kwa maneno marefu.

Wengi wetu tulipoingia chuoni tulidhani kuwa kukunja karatasi ni mchezo wa kujaza saa za mvua. Tulikuwa tumekosea. Kazi hiyo iliingizwa katika malezi ya watoto wadogo kwa makusudi, na mtu aliyefanya hivyo aliifikiria kwa miaka mingi, tena katika maisha yaliyojaa mikosi. Mtu huyo ni Friedrich Fröbel, Mjerumani, aliyefariki mwaka 1852. Jina lake hutajwa upesi upesi katika masomo yetu ya falsafa ya elimu, kisha hupitwa. Twapenda kumsimulia kwa kirefu kidogo, hasa upande ule unaotuhusu sisi tutakaofundisha watoto wa miaka mitano na sita.

Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, katika milima yenye misitu ya Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye shughuli nyingi. Mama yake alifariki wakati mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Baba alioa tena, na mama wa kambo alipopata mtoto wake mwenyewe, Friedrich akawa kama mgeni katika nyumba ya baba yake. Basi aliishi peke yake sana, bustanini na ukingoni mwa msitu, akitazama maua na mawe. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alichukuliwa na mjomba wake, mchungaji Hoffmann wa mji wa Stadtilm, na huko kwa mara ya kwanza akaonja upole wa nyumbani na michezo ya wenziwe. Hatutaki kusema kwamba kila mwalimu bora sharti awe ametendwa vibaya utotoni, la hasha. Lakini mtu huyu aliyekosa mama alitumia nusu ya pili ya maisha yake akitafuta namna ya kuwafunza akina mama kucheza na watoto wao, na ni vigumu kuamini kuwa mambo hayo mawili hayana uhusiano.

Ujana wake ulikuwa wa kutangatanga. Mwaka 1797 aliwekwa kwa bwana misitu ajifunze kazi hiyo, akakaa miaka miwili. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Jena, na huko fedha zikamwishia. Alifungwa wiki tisa katika jela ya chuo kwa sababu ya deni, na baba yake akakubali kumlipia kwa sharti kwamba kijana akane urithi wake. Baada ya hapo alifanya kazi hii na ile, ya upimaji ardhi na ya ukarani. Mwaka 1805 alifika Frankfurt kwa nia ya kusomea ujenzi wa majumba. Mwalimu mkuu mmoja, Gruner, alimwona na kumshauri aache ujenzi, awe mwalimu katika shule yake ya mfano. Fröbel alikubali, na siku aliposimama mbele ya darasa alijisikia kama samaki aliyerudishwa majini.

Mwaka huo huo alikwenda Yverdon, nchini Uswisi, kumwona Pestalozzi, mwalimu aliyekuwa mashuhuri kuliko wote katika Ulaya ya siku zile. Alirudi tena mwaka 1808 pamoja na wavulana watatu wa familia moja ya Frankfurt aliokuwa akiwafundisha, akakaa hadi 1810. Kwa Pestalozzi alijifunza kuwa mtoto hujua kwa kuona na kugusa kabla ya kujua kwa maneno. Hata hivyo hakuridhika. Aliona kuwa kutazama tu hakutoshi, bali mtoto sharti atende, aumbe kitu kwa mikono yake mwenyewe.

Yafaa tusimame kidogo katika jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita. Kati ya mwaka 1811 na 1816 Fröbel alisoma sayansi ya madini huko Göttingen na Berlin, akawa msaidizi wa profesa Weiss katika jumba la makumbusho ya madini. Katikati yake aliingia katika vita dhidi ya Napoleon, na jeshini akapata marafiki wawili, Langethal na Middendorff, waliomfuata maisha yote. Huko Berlin, siku nzima alikuwa na fuwele mikononi: mawe yenye nyuso bapa na pembe zisizobadilika, yanayojijenga kutoka umbo dogo hadi kubwa kwa kanuni moja. Mtu aliyezoea kutazama fuwele haoni karatasi ya mraba kama tunavyoiona sisi. Yeye huona ndani yake pembe mraba nne, mistari ya ulinganifu, na maumbo mengi yaliyolala yakingoja kuamshwa. Twadhani chanzo cha karatasi yake ya mraba kiko hapo katika mawe, kuliko katika kitabu chochote cha elimu.

Mwaka 1816 alifungua shule yake mwenyewe katika kijiji cha Griesheim, wanafunzi wa kwanza wakiwa wana watano wa kaka zake. Mmoja wa kaka hao, Christoph, alikuwa amefariki mwaka 1813 kwa homa aliyoambukizwa alipokuwa akiwauguza askari. Mwaka uliofuata shule ilihamia Keilhau. Mwaka 1826 alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu malezi ya binadamu, kitabu kizito, na tukiri kuwa si rahisi kukisoma hata leo. Serikali za Kijerumani za wakati ule ziliogopa kila mwalimu mwenye mawazo mapya. Keilhau ikashukiwa, ikakaguliwa, na ingawa mkaguzi aliisifu, wazazi waliogopa wakawaondoa watoto wao. Shule iliyokuwa na wanafunzi wapatao 60 ilibaki na wachache sana mwaka 1829.

Akaenda Uswisi mwaka 1831. Huko, alipokuwa akiongoza nyumba ya yatima ya Burgdorf katika miaka ya 1835 na 1836, alitambua jambo lililobadili kazi yake: watoto walimfikia wakiwa wamekwisha kupoteza miaka yao ya thamani. Kabla ya kuingia shule hakuna aliyekuwa amewafundisha kutumia macho na mikono yao. Kwa hiyo aliacha shule za wakubwa, akageukia wadogo. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50, umri ambao wengi wetu twategemea kustaafu.

Aliporudi Ujerumani alikaa katika mji mdogo wa Blankenburg, na mwaka 1837 akaanza kutengeneza vifaa alivyoviita zawadi. Zawadi ya kwanza ni mipira sita laini ya sufu yenye rangi mbalimbali. Ya pili ni tufe, mchemraba na mcheduara wa mbao. Ya tatu ni mchemraba uliogawanywa katika michemraba midogo minane, na nyingine zikafuata. Baada ya zawadi zikaja kazi za mikono: kutoboa, kushona, kufuma vipande vya karatasi, kufinyanga udongo, kukata, na kukunja. Mwalimu atazame mpango huo vizuri. Mtoto huanza na kitu kizima kinachojaa mkononi, kisha hupewa kitu kinachogawanyika, kisha uso bapa kama karatasi, kisha mstari, kisha nukta. Kukunja karatasi kumewekwa mahali pake katika ngazi hiyo. Mtoto hupewa karatasi akiwa amekwisha kushika mchemraba, hivyo aujuapo mraba huutambua kama uso wa kitu alichokizoea.

Yasimuliwa kuwa jina la mahali hapo pa watoto lilimjia Fröbel njiani, alipokuwa akivuka mlima pamoja na rafiki zake kutoka Keilhau kwenda Blankenburg. Alipaita bustani ya watoto, kwani watoto ni mimea na mwalimu ni mtunza bustani. Bustani hiyo ilizinduliwa rasmi tarehe 28 Juni 1840, siku iliyokuwa ya kuadhimisha miaka 400 ya uvumbuzi wa Gutenberg wa kupiga chapa. Fröbel aliwaomba wanawake wa Ujerumani wanunue hisa ili kuitegemeza kazi hiyo, lakini walionunua walikuwa wachache mno.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Fröbel hakuwa wa kwanza kuikunja. Wajerumani walikuwa wakikunja vitambaa vya mezani na vyeti vya ubatizo tangu zamani, na watoto wao walijua mashua na kofia. Wajapani nao walikuwa na ufundi wao mkongwe, ule unaoitwa origami. Alichofanya Fröbel ni kuupanga mchezo huo uwe somo bila kuuondolea mchezo wake. Aliyagawa maumbo katika mafungu matatu, kama alivyofanya kwa zawadi zake zote.

Fungu la kwanza ni maumbo ya ujuzi. Karatasi ya mraba ikikunjwa katikati hutoa sehemu mbili, ikikunjwa tena hutoa nne, kisha nane. Ikikunjwa kona kwa kona hutoa pembetatu. Ikiwa pembe zote nne zitaletwa katikati, hupatikana mraba mdogo, na eneo lake ni nusu kamili ya ule wa kwanza. Mtoto haambiwi hayo. Anaufungua mraba, anaona mistari, anayagundua mwenyewe. Mwaka 1893 Mhindi mmoja, Sundara Row, alitoa kitabu huko Madras akionyesha jinsi sehemu kubwa ya jometri iwezavyo kufundishwa kwa kukunja tu, naye alikiri kuwa wazo hilo lilitokana na karatasi za Fröbel.

Fungu la pili ni maumbo ya maisha, yaani vitu mtoto avijuavyo: nyumba, meza, mashua, ndege. Fungu la tatu ni maumbo ya uzuri, mapambo kama nyota na maua yanayotoka katika ule mraba mdogo wa pembe nne zilizoletwa katikati. Kila umbo hubadilishwa kuwa lingine kwa mkunjo mmoja au miwili, wala karatasi haitupwi kabla haijatumika yote. Kwetu sisi tunaohesabu karatasi moja moja, kanuni hiyo ina maana.

Mambo hayo Fröbel hakuyafundisha kwa kukaa mezani. Mwaka 1849 alihamia karibu na Liebenstein, mahali penye maji ya uponyaji ambapo wakubwa walikuja kupumzika. Wenyeji walimwona mzee mwenye nywele ndefu akirukaruka vilimani na kundi la watoto wa vijijini, wakamwita mzee mpumbavu. Alikuwako mgeni mmoja, Bibi Bertha von Marenholtz-Bülow, aliyekwenda kumtazama mpumbavu huyo, akabaki mfuasi wake. Baadaye alizunguka nchi nyingi za Ulaya kuieneza kazi yake. Huko Fröbel aliwafunza wasichana kuwa walimu wa watoto wadogo, jambo lililoshangaza wengi wakati ule. Mmoja wao, Luise Levin, alimwoa mwaka 1851. Mke wake wa kwanza, Henriette Wilhelmine, alikuwa amefariki mwaka 1839.

Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku bustani zote za watoto, ikizituhumu kwa ujamaa na kwa kukana Mungu. Fröbel, mwana wa mchungaji, aliyeanza kila jambo kwa kumtaja Muumba! Sababu mojawapo ni kwamba mpwa wake, Karl Fröbel, mwenye siasa za kijamaa, alikuwa ametoa kijitabu juu ya shule za wasichana na bustani za watoto, na wakuu wakawachanganya watu wawili kwa kuwa jina ni moja. Mzee aliandika akieleza. Aliomba kazi yake ichunguzwe. Hakusikilizwa. Tarehe 21 Juni 1852 alifariki huko Marienthal akiwa na miaka 70, na marufuku ingali palepale. Iliondolewa mwaka 1860.

Kazi yake ilienea baada ya kifo chake, na hapo ndipo lilipotokea jambo linalotuhusu zaidi. Mwaka 1876 Wajapani walifungua bustani ya watoto katika chuo cha ualimu cha wanawake mjini Tokyo, na miongoni mwa walimu wake wa kwanza alikuwamo mwanamke wa Kijerumani, Clara Matsuno. Mikunjo ya Fröbel ikakutana na mikunjo ya Kijapani, na karatasi ya mraba yenye rangi ikawa kitu cha kila siku cha shule za huko. Katika Ulaya na Marekani, kwa upande mwingine, wengi wa wafuasi waliigeuza kazi hiyo kuwa kwata. Mwalimu alihesabu, watoto 40 walikunja kwa pamoja, kona haikulingana ikarudiwa, na umbo lisilomo katika kitabu halikuruhusiwa. Maumbo ya maisha yalipungua, mistari ikabaki. Waelimishaji wa karne ya 20 walipoilaumu kazi ya Fröbel kuwa kavu na ya kulazimisha, mara nyingi walichokuwa wakikilaumu ni hiyo kwata.

Tusicheke. Sisi wenyewe, katika mazoezi yetu ya kwanza, tulifanya vivyo hivyo. Tulikuwa na darasa la awali katika nyanda za juu za Mbulu, mwezi Julai, baridi kali na upepo unaopita chini ya mlango. Tulitaka mkufunzi atakayetukagua aone mashua zilizonyooka. Basi kila mtoto aliyekosea tulimnyang'anya karatasi, tukamkunjia wenyewe, tukamrudishia. Mkufunzi alikuta mashua 50 na ushei zimepangwa dirishani, zote sawa, nadhifu. Aliuliza ni ipi ya mtoto gani. Hapana aliyejua, wala watoto wenyewe, na kengele ilipolia walitoka wote kucheza na ng'ombe wao wa udongo, mashua wakaziacha palepale.

Wiki ya pili tulianza upya. Tulijifunza kwanza kupata mraba bila rula: ukurasa wa daftari hukunjwa ili ubavu wake mfupi ulale juu ya ule mrefu, na kipande kinachozidi hukunjwa, hulainishwa kwa ukucha, kisha huchanwa. Kipande hicho kirefu hakitupwi, hufaa kwa kufuma kama ukili, kazi ambayo Fröbel naye aliiweka katika mpango wake. Kisha tukachagua kikombe, kwa kuwa kina mikunjo michache na kinatumika. Mraba hukunjwa kona kwa kona upate pembetatu, upande mrefu ukiwa chini. Kona ya kulia hupelekwa hadi katikati ya ubavu wa kushoto, na ya kushoto hadi ubavu wa kulia. Juu hubaki ncha mbili: moja hukunjwa mbele, nyingine nyuma. Mdomo wa kikombe hufunguka.

Kila mkunjo ulikuwa na neno lake la Kiswahili, na neno lilisemwa wakati vidole vinatenda: kunja, geuza, kona, katikati, juu, chini, fungua. Watoto ambao kwa wiki nzima hawakuwa wametamka lolote walikuwa wakiwaambia wenzao geuza. Hatukugusa karatasi ya mtoto yeyote. Tuliposhindwa kujizuia tulikunja yetu upya, polepole, mbele yake. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika, hasa pale unapomwona mtoto akiikunja kona ile ile vibaya kwa mara ya nne.

Mwalimu atakayekwenda bonde la Hanang wakati wa kiangazi afikirie upepo. Karatasi nyepesi zitaruka, na somo litakuwa la kuzifukuza. Ni afadhali kulitumia tatizo lenyewe: atengeneze pangaboi, ambalo hukatwa kutoka kona nne kuelekea katikati bila kufika, ncha nne zikaletwa pamoja na kutobolewa kwa mwiba kwenye bua la mtama. Karatasi ya mfuko wa saruji, ikisafishwa vumbi vizuri, huvumilia kuliko ya daftari, ila ni ngumu kwa vidole vya miaka mitano, kwa hiyo mwalimu aanze mkunjo wa kwanza pamoja nao. Magazeti hufaa kwa kofia.

Siku ya vikombe, saa ya uji, watoto kadhaa walitaka kunywea kikombe chao cha karatasi. Tuliwaachia. Uji ulidumu humo kwa muda mfupi, kikombe kikalowa, na mvulana mmoja akarudi darasani bila kuitwa kuomba ukurasa mwingine. Alikikunja peke yake, safari hii kwa karatasi mbili pamoja.

Kaburi la Fröbel liko Schweina, karibu na Marienthal. Rafiki zake walimjengea mnara wa maumbo matatu yaliyopandana: mchemraba chini, mcheduara katikati, tufe juu.